Ubaki wodini au uhamie tiba shufaa? Ulinganisho kwa muuguzi anayefikiria kuhama

Karibu kila muuguzi anayenipigia simu kuuliza habari za tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza maumivu na mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito ambao mara nyingi hautapona, huanza na swali lilelile: dada, unawezaje kuona watu wakifa kila siku? Nami humwuliza, wodini kwako wiki iliyopita wamefariki wangapi? Ananyamaza, halafu anaanza kuhesabu kwa sauti. Mama wa kitanda cha nne. Kijana wa ajali ya bodaboda. Bibi aliyeletwa usiku wa manane akakaa saa mbili tu, hata faili lake lilikuwa halijajazwa.

Kifo kipo pande zote mbili, kwa hiyo hakiwezi kukuamulia. Mimi nilikaa miaka saba wodi ya magonjwa ya ndani katika hospitali ya mkoa, na huu ni mwaka wa sita niko timu ya tiba shufaa ya hospitali ya kanisa. Nikizipima kazi hizi mbili, tofauti kubwa naiona kwenye muda unaokaa na mgonjwa, maneno unayolazimika kuyasema, na kile utakachokiita mafanikio ukirudi nyumbani jioni. Hapo ndipo nitakapokaa. Mambo ya saa za kazi na posho nitayapita haraka. Ukitaka undani wake, nusu saa ofisini kwa katibu wa afya inatosha.

Kwanza tuelewane jina

Ukisikia hospisi, yaani huduma ya tiba shufaa kwa wanaokaribia mwisho wa maisha, pengine unaona jengo tulivu lenye vitanda na bustani, kama St Christopher's ambayo daktari Mwingereza Cicely Saunders aliifungua London mwaka 1967. Kwetu Afrika Mashariki hospisi mara nyingi ni watu wachache, gari moja na begi la dawa. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990 katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, na nguzo ya kazi yake ikawa kuwafuata wagonjwa majumbani kwao. Arusha, Hospitali ya Selian imepita njia hiyohiyo. Dar es Salaam huduma hii imo ndani ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, mahali ambapo kwa miaka mingi wagonjwa wa nchi nzima walikuwa wakifuata mionzi.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuomba uhamisho, uliza unakwenda timu ipi. Ya majumbani ni barabara na mikeka. Ya hospitalini inakufanya mgeni kwenye wodi za wenzako: unaitwa kushauri juu ya maumivu, na si kila sista wa zamu atafurahi kukuona ukishika faili la mgonjwa wake. Ya kliniki iko katikati. Mimi niko ya majumbani, na mengi nitakayosema yanatoka huko.

Neno lenyewe nalipenda. Kwa watu wa pwani, shufaa ni uombezi, kusimama upande wa mtu asiyeweza kujisemea. Sijui jina jingine ambalo lingeieleza kazi hii vizuri zaidi.

Siku moja wodini, siku moja barabarani

Wodini nilipokea zamu saa moja na nusu asubuhi. Wagonjwa arobaini, wauguzi wawili, na mwanafunzi mmoja akibahatika kuwepo. Dawa za saa mbili, dripu zilizokwama, raundi ya madaktari, sampuli za maabara, ndugu wanaogonga mlango kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Nilikuwa mzuri katika kazi ile na niliipenda. Lakini kuna siku nilikaa kwenye daladala kurudi nyumbani nikagundua kwamba tangu asubuhi sijamwuliza mtu yeyote swali lenye jibu refu kuliko ndiyo au hapana. Umekunywa dawa? Umepata choo? Bado inauma?

Siku hizi nikiwa na nyumba nne kwa siku, hiyo ni siku nzito. Unapiga hodi, unavua viatu, unamwamkia bibi aliyekaa barazani, shikamoo, marahaba, habari za huko mlikotoka. Unaletewa kiti hata kama nyumba nzima ina kiti kimoja. Chai inachemshwa, na ukiikataa umeharibu ziara kabla haijaanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wananiambia wakitabasamu, na mimi na wao tunajua kwamba mwenyeji wa nyumba hii hatapona. Kazi inaanzia hapo.

Mgonjwa anakuonyesha maumivu kwa mkono: ngumi ikiwa imefumbwa hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Unafungua kidonda cha titi ambacho harufu yake imewafanya majirani waache kuja, unakisafisha, unanyunyizia metronidazoli iliyosagwa, na unamwelekeza binti yake kufanya hivyo kila siku. Unamfundisha kumgeuza mama kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda vya mgongo. Baada ya wiki moja unarudi, na jirani amekaa kitandani akimsuka nywele mgonjwa. Wodini niliwahi kufunga vidonda vingi kuliko hivyo kwa siku moja, ila sikuwahi kuona jirani akirudi.

Usidhani barabara ni nyepesi. Mvua za masika zikianza kuna vijiji tunafika kwa pikipiki, na vingine kwa miguu. Na kuna familia zinazoomba gari lisisimame mlangoni, kwa sababu likionekana tu mtaa mzima unaamua mgonjwa ana ugonjwa gani.

Mikono yako itasahau nini, itajifunza nini

Hili linaumiza watu wenye ujuzi mkubwa, basi nilieleze wazi. Kuweka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, kwa mtoto aliyeishiwa maji, kumrudisha mtu aliyesimama moyo, kumwandaa mgonjwa wa upasuaji wa dharura: ujuzi huo unapungua usipotumika. Mwaka wangu wa tatu nilimwekea kanula mtu aliyezirai sokoni na mikono ilitetemeka. Kama fahari yako ya uuguzi iko hapo, ipe heshima yake na ubaki.

Utakachojifunza ni maumivu. Chuoni tulifundishwa maumivu kwa kurasa chache. Tiba shufaa inakurudisha darasani. Utajua kutofautisha maumivu ya mfupa na ya neva kwa jinsi mgonjwa anavyoyasimulia, moto, umeme, kisu. Utaijua mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kama unavyoijua parasetamoli leo: kwamba hutolewa kila baada ya saa nne kabla maumivu hayajarudi, kwamba dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili mtu asiamshwe usiku, kwamba ikiandikwa bila dawa ya kulainisha choo umemtoa mgonjwa kwenye mateso haya ukamwingiza kwenye mengine. Utakutana na hofu pia. Ndugu wataamini kwamba mofini ndiyo inayoua, na baadhi ya wauguzi wenzako wataamini hivyohivyo. Nami niliamini. Miaka ile wodini nilikuwa naisogeza saa ya sindano mbele kwa kuogopa mgonjwa "asizoee", na leo nikiwakumbuka wale wagonjwa naumia.

Kuhusu mamlaka, usiende na matumaini makubwa kupita kiasi. Uganda ilibadilisha kanuni mwaka 2004, na wauguzi waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Katika timu yangu karatasi ya mofini husainiwa na daktari, hata kama mimi ndiye niliyekaa saa nzima na mgonjwa na yeye nampata kwa simu tu. Na dawa ikiisha, imeisha. Niliwahi kupitia wiki tatu ambazo hospitali haikuwa na mofini kabisa. Tulikwenda majumbani na parasetamoli na maneno ya kubembeleza. Katika miaka sita sijaona siku ngumu kuliko zile, na ukihama ujue zinaweza kukukuta.

Maneno

Wodini unaweza kuwa muuguzi hodari sana bila kuwa mzungumzaji. Habari mbaya inatolewa na daktari, wewe unashika bega la mgonjwa, unaendelea na dawa. Tiba shufaa haina mlango huo wa kutokea.

Utapokelewa uani na mtoto mkubwa wa familia: "Sista, tafadhali, mzee usimwambie." Utaingia ndani na mzee atakuangalia machoni. Utafanyaje? Mimi simdanganyi mgonjwa, wala siwavunji ndugu zake mbele yake. Namwuliza, baba, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu? Wengi wanajua. Mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambaye wanawe watatu walinisihi nisimwambie, alisubiri watoke ndipo akaninong'oneza: watoto wangu wasijue kwamba ninajua. Nyumba ile watu wanne walikuwa wakilindana kwa siri moja, kila mmoja akilia chumbani kwake. Ilichukua ziara tatu mpaka wakalia pamoja.

Saunders, aliyekuwa muuguzi na ofisa wa ustawi wa jamii kabla ya kusomea udaktari, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii yana sehemu za mwili, moyo, maisha ya kijamii na roho, na usipozigusa zote hayatulii. Nilidhani ni maneno ya darasani mpaka nilipompata dereva mstaafu wa lori mwenye saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Dozi ilipandishwa mara mbili, vidole vikabaki vinne. Ziara ya tatu mkewe alitoka kuchota maji, mzee akasema kiwanja walichojenga kimeandikwa jina la kaka yake, na mama watoto atafukuzwa siku ya arobaini. Tulimwita kaka, akaitwa mwenyekiti wa mtaa, ikaandikwa, wakatia saini. Wiki ile dozi ileile ikatosha. Hakuna aliyenifundisha chuoni kwamba kumtafuta mwenyekiti wa mtaa ni kazi ya muuguzi.

Kama kusikia hili kunakuchosha badala ya kukuvuta, tayari umepata sehemu ya jibu.

Kifo chenyewe

Wodini kifo kilinijia kama ajali hata kilipotarajiwa. Pazia linavutwa, tunakandamiza kifua, ndugu wako nje, wanaitwa yakiwa yameisha. Baada ya nusu saa kitanda kina mgonjwa mwingine. Nilijifunza kutolia kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kulia.

Nyumbani kifo kina hatua, na kazi yako ni kuwaeleza watu hatua hizo kabla hazijafika. Mgonjwa anaacha kula, na familia inaogopa atakufa njaa. Unawaambia mwili hauhitaji tena chakula, wasimlazimishe uji, wamloweshe midomo. Pumzi inakuwa na mkoromo. Unawaonyesha kumlaza ubavu. Mikono inapoa. Kwenye nyumba ya Waislamu wanajua la kufanya kuliko wewe: wanamwelekeza kibla, mmoja anamsomea, mwingine anamtamkisha shahada kwa upole, na wewe unajua kukaa pembeni kimya. Kwa Wakatoliki utakuwa umekumbusha mapema padri aitwe kwa ajili ya mpako wa wagonjwa. Mimi ni Mlutheri, na nimejifunza mengi ya dini za wenzangu kwenye vitanda hivyo kuliko popote.

Je, huzuni ni ndogo? Hapana. Wodini wengi niliwasahau majina kwa sababu sikuwahi kuwa nayo kichwani. Hawa nimekunywa chai yao. Naalikwa arobaini zao. Simu yangu imejaa namba za watu ambao hawatapokea tena, na siwezi kuzifuta. Timu yetu kila Ijumaa hutaja majina ya waliotutoka wiki hiyo, kila mtu anasema neno moja alilolikumbuka. Ukienda mahali ambapo hakuna kitu cha namna hiyo, omba kianzishwe, kwa sababu bila hicho huzuni hii inageuka hasira na utaimwagia familia yako.

Mengine kwa haraka

| | Wodini | Tiba shufaa ya majumbani |
|---|---|---|
| Saa | Zamu, usiku ukiwemo | Mchana zaidi, lakini simu hailali |
| Fedha | Mshahara wa ngazi yako, na posho za usiku na za kuitwa | Serikalini mshahara hufuata ngazi, ila posho za usiku hupungua. Kwenye mashirika hutegemea mkataba na mfadhili |
| Mwili | Miguu na mgongo | Vumbi, matope, mtikisiko wa gari |
| Msaada | Mwenzako yuko kitanda cha pili | Uko chumbani kwa mtu, daktari yuko kwenye simu |

Kwenye fedha niongeze neno. Mkataba wa mfadhili una mwisho, uliza mwisho huo ni lini. Na uhitaji mkubwa haumaanishi nafasi nyingi za kazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 duniani wanahitaji tiba shufaa kila mwaka, na ni kama asilimia 14 tu wanaoipata. Hata hivyo nimeona muuguzi aliyesomea kazi hii akirudishwa wodi ya wazazi kwa sababu ikama haikutosha. Kama unataka kusoma, chuo cha Hospice Africa Uganda pale Kampala kinafundisha wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kabla hujaenda, mwombe mwajiri akuandikie utarudi kufanya kazi gani.

Kwa aliyeko Marekani ulinganisho unabadilika kidogo. Huko hospisi inalipiwa na Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, tangu sheria ya mwaka 1982, na mgonjwa huingia madaktari wakithibitisha kwamba ugonjwa ukienda mkondo wake amebakiza miezi sita au chini yake. Kitanda, oksijeni na dawa vinaletwa mlangoni, jambo ambalo sisi tungelipokea kwa machozi. Lakini unaendesha gari peke yako kutwa, na maandishi ni mengi, kwa kuwa kila kipindi cha uthibitisho huo kinapoisha lazima rekodi zionyeshe kwamba mgonjwa anaendelea kudhoofika. Rafiki yangu aliyeko huko huniambia hilo ndilo linalomchosha: kuandika kudhoofika kwa mtu aliyeamka leo akiimba.

Utajipimaje jioni

Wodini kuna furaha ambayo huku hutaipata. Mama aliyeletwa kwa machela hajitambui, siku ya kumi anafunga kanga yake, anaaga wodi nzima kitanda kwa kitanda, anakuombea upate watoto wazuri. Furaha ile ilinibeba miaka saba.

Nilipohama, miezi mitatu ya kwanza nilijiona sifanyi kazi. Kila niliyemhudumia alifariki. Nilimwambia kiongozi wa timu kwamba nataka kurudi wodini, akanishauri niandike kila jioni jambo moja lililobadilika nyumba niliyotoka. Niliandika: amelala saa tano mfululizo. Amekula embe. Mumewe amemgusa kidonda bila kugeuza uso. Amepatana na dada yake. Mwezi wa tano nikaacha kuandika kwa sababu nilikuwa naona bila daftari. Kuna wenzangu wawili ambao daftari halikuwasaidia. Walirudi, mmoja chumba cha upasuaji na mwingine wodi ya watoto, na wako vizuri sana huko. Sioni kwamba walishindwa.

Nitakayemwambia asihame ni huyu anayekimbia. Umechoshwa na zamu za usiku, umegombana na kiongozi wa wodi, unatafuta pa kupumzikia: omba kubadilishwa wodi kwanza, maana uchovu huo utaubeba kwenye nyumba za watu. Na kama umefiwa na mzazi, mume au mtoto karibuni, subiri mwaka mmoja. Nilimwona dada mmoja aliyeanza miezi miwili baada ya kumzika mama yake. Kila bibi aliyemhudumia alikuwa mama yake, na alimzika upya kila mwezi.

Anayesitasita bila sababu hizo, mwombe matroni wiki mbili za kutembea na timu. Usizimalize kwenye kliniki. Nenda majumbani, na hakikisha mojawapo ya siku hizo ni ile ya kurudi kwenye nyumba iliyofiwa kuchukua chupa ya mofini iliyobaki. Kazi yenyewe ni ya dakika mbili: unapima kilichobaki, unaandika, familia inatia saini. Lakini watakuletea kiti, na mjane ataanza kukusimulia usiku ule wa mwisho tangu jua lilipozama. Angalia kama unatamani kukaa, au unalitazama gari.